Kampuni yako ina kibajeti cha jamii: mtoe hela au mpeleke watu?

Bajeti ya jamii ikishapita, swali la bosi huwa ni lile lile kila mwaka, tutoe hela au twende wenyewe? Afu kwenye grupu la WhatsApp la ofisi nusu wanasema twende tukapake rangi shule, nusu wanasema jamani tupeleke mchele kwa watoto yatima tupige picha tumalize, na mhasibu yuko kimya tu maana anajua risiti zote zitamwangukia yeye. Naandika hii kwa ajili ya kampuni za kawaida za huku kwetu Moshi na Arusha, za watu kumi, thelathini, sitini, yaani kampuni za utalii, hoteli, viwanda vidogo, saccos, ofisi za mawakili, supamaketi. Migodi siwagusi, wao sheria ya madini inawabana waandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii kila mwaka na wakubaliane na halmashauri, kwahiyo nafasi yao ya kuchagua ni ndogo. Sisi wengine tunachagua kwa hiari na ndo maana mara nyingi tunachagua kile chenye picha nzuri.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kabla hamjaulizana sisi tunapenda kufanya nini, ulizeni kitu kinachohitajika kinauzwa dukani au hakiuzwi. Bati, saruji, rangi, madawati, pedi, mchele, hivyo vinauzwa, toeni hela. Damu, mtu wa kukaa na kamati ya shule kuwapangia daftari la mapato na matumizi, mtu wa kumweleza kijana wa form four kazi ya maabara ikoje, hivyo havina duka, pelekeni watu. Kuna mahali kanuni hii inavunjika, nitafika huko.

Gharama

Chukua kile ambacho karibu kila ofisi imeshafanya au imeshawahi kukifikiria, kupaka rangi madarasa mawili ya shule ya msingi. Watu thelathini. Bei nazoweka hapa ni za kukadiria, we badilisha uweke za kwako. Tisheti zenye nembo 15,000 kila moja, hapo ni 450,000. Costa kwenda na kurudi 150,000. Chakula na maji 10,000 kwa kichwa, 300,000. Bango na mpiga picha 200,000. Tumeshafika 1,100,000 na hatujanunua brashi hata moja. Kama ni siku ya kazi kila mtu analipwa mshahara wake wa siku, weka wastani wa 30,000, hiyo ni 900,000 nyingine. Milioni mbili. Mafundi rangi wawili wa mtaani hapo hapo Pasua au Unga Limited wangepiga hayo madarasa kwa siku chache, ufundi wao haufiki hata robo ya hiyo hela, na wasingemwaga rangi kwenye ubao.

Sasa weka hiyo milioni mbili pembeni ya hela ya shule yenyewe. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 ruzuku ya uendeshaji ilikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya hiyo inabaki juu kwa ajili ya vitabu, haifiki shuleni. Shule ya watoto 400 kwa hesabu hiyo ni milioni nne kwa mwaka mzima hata kabla ya kutoa hiyo ya vitabu, chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo mdogo, kila kitu. Yaani siku moja ya tisheti ni nusu ya mwaka wa mwalimu mkuu au zaidi. Mi nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea kuitetea ile siku ya rangi.

Kuna atakayesema lakini ile siku inajenga timu, watu wa stoo wanaongea na watu wa masoko, bosi anaonekana ameshika brashi. Kweli kabisa, na ni jambo jema. Ila basi iandikwe kwenye bajeti ya kujenga timu, isiitwe msaada kwa jamii.

Hela nayo ina gharama zake, tusiipake mafuta. Ukitoa lazima mtu afuatilie, na kufuatilia ni kazi ya mtu mwenye jina. Kama ni shule ya serikali au zahanati omba uongozi ukupe kontrol namba au akaunti rasmi ya shule, usimtumie mtu kwenye simu yake hata kama ni mwalimu unayemheshimu, maana siku akihamishwa hakuna anayejua hiyo hela ilikuwa ya nini. Kama ni vifaa, nunua dukani kwa jina la kampuni upate risiti ya EFD afu wapokeaji wasaini hati ya kupokea mzigo, mwenyekiti wa kamati na mwalimu mkuu wote wawili. Ule mfano wa hundi mkubwa wa kupigia picha wenyewe gharama yake ni ndogo, shida ni pale unapokabidhiwa kwa shangwe na mgeni rasmi na risala halafu hela halisi inakuja miezi minne baadae, au inakuja nusu. Bora hela iingie kwanza, picha baadae.

Kodi, ambapo watu wanadhani wanajua

Ukipeleka watu, mshahara wao ni gharama ya biashara kama kawaida, hakuna nafuu ya ziada unayopata kwasababu walikuwa wanapanda miti. Ukitoa hela, kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinakuruhusu kuondoa mchango uliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambulika au mradi wa maendeleo ya jamii, ila usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara ya mwaka huo, mapato kwa maana ya faida sio mauzo. Mchango unaoenda Mfuko wa Elimu, ule unaosimamiwa na TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), haumo kwenye hicho kikomo. Kwa kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30, kila milioni moja iliyokubalika inakupunguzia kodi laki tatu, sio kidogo.

Neno la kushika hapo ni "inayotambulika". Vituo vingi na vikundi vingi vina cheti cha usajili wa NGO kimefremiwa ukutani na wenyewe wanaamini kinatosha, kumbe kutambulika na TRA, mamlaka ya mapato, kama taasisi ya hisani ni jambo jingine, linaombwa peke yake. Muulizeni mapema, kwa upole, maana wengine hawajawahi hata kuulizwa. Na kama hawana haimaanishi ni wezi, inamaanisha tu mhasibu wako asihesabu hiyo nafuu.

Wafanyakazi wenyewe wanasemaje

Hapa kuna kitu maofisi hayapendi kukisikia. Kujitolea kwa lazima sio kujitolea. HR akituma meseji Ijumaa jioni kwamba kesho saa moja asubuhi wote Rau msituni, asiyekuja aandike maelezo, hiyo tayari ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na ukimfanyisha mtu kazi kwenye hayo mapumziko unamlipa mara mbili ya mshahara wake wa saa. Sijaona mtu amedai mara mbili kwa kupanda miti ila minong'ono ipo, we kaa tu kwenye Costa ya kurudi usikilize. Mtu mwenye kibanda chake Mbuyuni anachofungua Jumamosi umemkatia kipato, dada mwenye mtoto mchanga umemtafutia shughuli ya nani abaki na mtoto.

Makato ya mshahara ni mabaya zaidi. "Kila mtu atakatwa 5,000 kwa ajili ya yatima" bila mtu kusaini chochote, hapana. Kama mnataka wafanyakazi wachange, fomu iwe ya hiari, kiasi aandike mwenyewe, aweze kuacha bila kuitwa ofisini, na kampuni ijazie hapo juu, mfanyakazi akitoa 5,000 kampuni inaweka 5,000. Hii ya kujazia mi naipenda kuliko zote kwenye upande wa hela maana bosi hawezi kujificha nyuma ya michango ya watu wa chini na kusimama mbele akasema kampuni imetoa.

Anayepokea ni nani? Hapa ndo pa kukaa

Vituo vya kulelea watoto. Moshi na Arusha tunavyo vingi na wageni wa kujitolea hawakatiki, wa wiki mbili, wa mwezi, wanakuja wanacheza na watoto wanaondoka. Mtoto anamzoea mtu, mtu anapotea, anakuja mwingine. Sasa na sisi wenyeji tukienda siku moja kwa mwaka na keki na spika tunafanya kitu kile kile ila kwa kifupi zaidi. Kwenye vituo mi nasema hela, na hela ya kila mwezi. Desemba ikifika si unajua Moshi inavyojaa, watu wamerudi nyumbani, kila kampuni inapeleka mchele, mafuta, sabuni, soda, na Ramadhani pia futari inakuja ya kutosha, mpaka stoo inafurika. Nenda Machi au Agosti uone. Laki mbili kila mwezi kwa maagizo ya kudumu benki inamsaidia mlezi kupanga, milioni mbili na laki nne za Desemba zinaishia kwenye sikukuu. Kabla ya yote pita ustawi wa jamii wa halmashauri uulize kituo kina leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo. Na picha za sura za watoto mkiwakabidhi madaftari, acheni jamani. Huyo mtoto ana miaka kumi leo, akiwa na ishirini picha bado ipo mtandaoni na maandishi "watoto wenye uhitaji".

Hospitali. Kwenye wodi pelekeni hela au vitu walivyoomba wao kwa maandishi, msipeleke umati, wagonjwa sio maonyesho. Ila kuna kitu kimoja ofisi yenye watu hamsini inaweza kutoa ambacho tajiri mwenye mabilioni hawezi kukinunua, nacho ni damu. Kila aliyewahi kuuguza KCMC au Mawenzi anajua ile simu ya "tafuteni ndugu waje kuchangia". Mtu mzima mwenye afya, kuanzia miaka 18 na kilo 50, anatoa kama mililita 450, mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Mkiwasiliana na watu wa Damu Salama, ule mpango wa taifa wa kukusanya damu, mapema wanaweza kupanga kuja na timu yao mpaka ofisini. Hakuna Costa, hakuna tisheti, masaa mawili matatu watu wanapokezana wanarudi mezani. Ofisi ikifanya hivi kila baada ya miezi minne, kwa tarehe inayojulikana, mi hiyo naiweka juu ya siku kumi za kupaka rangi. Na asiyetaka au asiyeweza asiulizwe sababu, kuna watu wana mambo yao ya kiafya na sio ya kujibu mbele za watu.

Maji. Arusha hasa, pande za Arumeru. Kampuni inapata wazo zuri la kuchimbia kijiji kisima, inaita wachimbaji, maji yanatoka, furaha, mgeni rasmi anafungua koki. Ukanda wa Mlima Meru maji mengi yana floraidi nyingi, meno ya kahawia unayaona kwa watu, na ikizidi sana inaharibu mpaka mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwahiyo hapa hela bila ujuzi ni hatari, anzeni na kupima na kuongea na watu wa maji, pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kwenye chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru wapo wasomi wa maji. Gharama ya vipimo ni ndogo sana ukilinganisha na uchimbaji, na inaweza kuwaokoa msije mkawapa watu kitu kibaya kikiwa na nembo yenu juu.

Miti. Tarehe 5 Juni, siku ya mazingira, kila mtu anapanda. Huku kwetu masika ni Machi mpaka Mei, yaani mnapanda mvua ikiwa inaaga na mbele kuna kiangazi mpaka vuli. Kama hamna ratiba ya kumwagilia Julai, Agosti, Septemba mnapoteza muda. Pandeni mwanzoni mwa masika, miche michache, na mlipeni mtu wa jirani na eneo anyweshe na azuie mbuzi. Hapo hela ya mtu mmoja wa kumwagilia inashinda wafanyakazi sitini wenye majembe mapya.

Maafa. Yale maporomoko ya Katesh, Hanang, Desemba 2023, zaidi ya watu 80 walikufa, na makampuni ya Arusha yako jirani kiasi kwamba kila mtu alitaka kupakia gari aende. Yakitokea mengine msiende. Kazi ya kufukua na kuokoa ina wenyewe, barabara yenyewe imejaa tope, na watu wa ziada wanahitaji kula na kulala. Peleka hela kwenye akaunti iliyotangazwa na serikali au vitu vilivyotajwa kwenye orodha.

Pale kanuni yangu inapovunjika

Kama nyie ni majirani. Chukua lodge au kiwanda kinachotumia maji ya mto au mfereji ule ule unaotumiwa na wanakijiji. Huku Kilimanjaro mifongo, yaani mifereji ya asili, imesafishwa kwa msaragambo tangu enzi za mababu, kila kaya inatoa mtu, asiyekuja anatozwa. Kazi ya kutoa tope haihitaji hela, wanakijiji wanaifanya wenyewe na wanaiweza kuliko sisi. Kwa hesabu zangu za juu ningesema toeni saruji ya kujengea banio mkae pembeni. Lakini mtumiaji wa maji anayetuma saruji tu bila kuonekana na jembe hata siku moja anahesabiwa mgeni, na mgeni siku ya ugomvi wa maji hana wa kumtetea. Nendeni, watu wachache, bila mabango, mfanye kipande mnachopangiwa na mwenyekiti wa mfereji. Saruji pelekeni pia. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi ndo hivyo hivyo, toka na fagio mbele ya ofisi yako na mtaro wako, haihitaji bajeti wala barua, na Moshi tuna sifa ya usafi ya kulinda.

Ujuzi, kitu kinachosahaulika

Tukisema peleka watu akili zinakimbilia jembe na brashi. Wakati thamani ya mtu wenu iko kwenye kile mnachomlipia mshahara. Moshi ni mji wa ushirika, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933 na chuo kikuu cha ushirika kiko hapa hapa, lakini ukienda kwenye vikundi vya vikoba na saccos ndogo utakuta daftari la hesabu analijua mweka hazina peke yake. Mhasibu wenu akikaa nao alasiri mbili kila mwezi kwa miezi sita kikundi kinaweza kusimama. Kampuni ya kupandisha watalii ina waongozaji waliofundishwa huduma ya kwanza, kwanini wasikae na bodaboda wa kijiweni kwao, maana ajali ikitokea mtu wa kwanza kufika ni bodaboda, na mara nyingi ndo anayembeba majeruhi vibaya. Fundi umeme wa hoteli anaweza kupitia nyaya za zahanati. Wakili anaweza kukaa ofisi ya kata siku moja kwa mwezi akasikiliza wajane wa mirathi na mipaka ya vihamba (mashamba ya ukoo).

Ubaya wa ujuzi ni kwamba hauonekani kwenye picha, na unataka mtu yule yule arudi tena na tena. Ofisi isiyoweza kumwachia mhasibu wake masaa manne kwa mwezi ndani ya muda wa kazi isiahidi, itoe hela tu.

Njia ya katikati

Ipo ile ya jasho linalotafuta hela. Kili Challenge ya mgodi wa Geita na TACAIDS (tume ya kudhibiti UKIMWI) imekuwepo tangu 2002, watu wanapanda mlima kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU. Kilimanjaro Marathon ilianza 2003 na ofisi nyingi zinapeleka watu wa kilomita 5 kwa ajili ya kufurahi tu. Kwa ofisi ndogo fanyeni rahisi, kila atakayemaliza kilomita 21 kampuni inaweka kiasi fulani kwa ajili ya taulo za kike za shule moja mliyoichagua (VAT yake iliondolewa 2018 ikarudishwa mwaka uliofuata, kwahiyo bei mnaijua). Timu inajengwa na hela inafika, na hakuna mtoto aliyepangwa mstari.

Kwahiyo nyie mchague kipi

Chini ya watu kumi na tano: hela kidogo ya kila mwezi sehemu moja, na mtu mmoja wa ujuzi kama yupo na anataka. Msijitawanye.

Kati ya kumi na tano na sitini: damu mara tatu kwa mwaka, michango ya hiari ambayo kampuni inajazia, ujuzi kwa kikundi kimoja. Siku ya tisheti ifutwe, na kama bosi anaing'ang'ania basi iwe moja na ilipiwe na fungu la timu.

Zaidi ya hapo: mnaweza vyote ila mnahitaji mtu ambaye hii ni sehemu ya kazi yake, yumo kwenye maelezo yake ya kazi, sio yule dada wa mapokezi anayeongezewa tu. Kwenye hela kubwa, za darasa au choo, nendeni na mhandisi wa halmashauri tangu mwanzo, maana jengo lisilofuata ramani yao shule haitalipokea.

Na kwa yeyote kati yenu, barua kwa mtendaji wa kata na kwa shule ya serikali kwa mkurugenzi kupitia afisa elimu, ipelekwe wiki kadhaa kabla. Mwalimu mkuu hawezi kuwafungulia geti kwa sababu tu mmekuja na Costa.